Keni Namba Kumi na Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Zita alimkatia ng'ombe majani kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwao, kisha akapiga picha kwa simu ya mama yake: umande juu ya jani la mgomba, ndama akilamba ndoo, keni ya maziwa ikingoja kupelekwa kituoni. Majirani pale Kirua Vunjo walizipenda picha zake.

Jumapili moja, Hilda, mwenzake wa darasa la sita, alichukua picha ya Zita akiwa amejitwika majani, akaibandikia pembe na mkia, akaisambaza. Jumatatu darasa zima lililia "Mooo!" Zita alipoingia.

"Ng'ombe kaleta daftari!" Hilda alicheka.

Zita alikwenda kuketi kwenye dawati lake. Shingo ilimwaka moto. "Utalia wewe," alisema moyoni. "Utalia kuliko mimi."

Jioni alijificha nyuma ya banda la jirani, akampiga Hilda picha akikinga maji kwa ndoo bombani. Nyumbani akaifuta ile ndoo kwenye picha, na mahali pake akaweka keni ya maziwa. Alilainisha kingo mpaka mkato usionekane. Sasa Hilda alionekana akitia maji kwenye maziwa! Mama alipokuwa akikamua, Zita aliituma kwenye kundi la wafugaji. Usiku huo alilala akitabasamu.

Asubuhi, Zita na mama yake walikuwa kituoni Bibi Mektrida, anayemlea Hilda, alipofika naye akiwa na keni yake.

"Hayo yasichanganywe na yetu!" wafugaji walipiga kelele. "Picha tumeiona!"

Hilda aliangua kilio. Zita aliingoja furaha yake. Ilikuja kidogo tu, kisha akamwona bibi akiikumbatia keni yake kwa mikono miwili.

Mzee Aminieli, mpokeaji wa maziwa, alizamisha kipimo kwenye maziwa ya bibi. "Maziwa haya ni safi," alisema. Akaikuza ile picha kwenye simu yake. "Halafu keni ya Mektrida ni namba tisa. Hii imeandikwa kumi na saba. Ya nani hii?"

Wote wakamgeukia mama yake Zita. Keni ilikuwa yake, na picha ilitoka kwenye simu yake.

"Kumbe mtia maji ni wewe, Mama Zita!"

Mama alitoa simu yake, akaitazama ile picha kwa mshangao.

"Si mama! Ni mimi!" Zita alipaza sauti. Akaonyesha picha mbili alizoziunganisha, huku machozi yakimdondokea kwenye kioo cha simu. Alikuwa amebandika keni ya nyumbani kwao bila kuiona namba.

Mama hakumpiga. Alimpeleka mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akampa. "Hili ndilo tunaloombea msamaha. Nenda nalo mwenyewe."

Nyumbani kwa Bibi Mektrida, Zita alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, bibi. Nimekukosea."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alilipokea lile jani, kwa kuwa isale halikataliwi. Kisha akamtazama mjukuu wake. "Na wewe Hilda, kamkatie mwenzako la kwako."

Hilda alitoka akiwa ameinamisha kichwa, akarudi na jani. "Nisamehe, Zita. Mimi ndiye niliyeanza."

"Sikilizeni," bibi alisema. "Mtu akikuumiza, mwambie, au utuambie sisi wakubwa. Ukimtungia uongo, hujui utamfikia nani. Huu wako, Zita, ulinifikia mimi, ukamfikia na mama yako, na hatukuwa tumemkosea mtu."

Siku ile Zita alituma kundini picha ya majani mawili ya isale na maneno ya kuomba radhi. Hakuihariri hata kidogo.