Siku Bi Mwanamwema Aliposema Sina

Kila maji ya pwani yalipokupwa, wanawake wa kijiji cha Fumba waliteremka kufukua makumbi. Makumbi ni maganda ya nazi. Waliyafukia matopeni miezi mingi, kisha wakayapiga kwa magongo mpaka yakatoa nyuzi. Nyuzi hizo walizisokota kamba, na kamba ndizo zilizowalisha.

Bi Mwanamwema alikuwa hodari wa kazi hiyo. Nasema alikuwa, kwa sababu masika ya mwaka 1954 mkono wake wa kulia ulipooza. Mumewe alikwishakufa, na mwanawe wa pekee pia. Alibaki na mjukuu mmoja, Sichana, mtoto wa miaka minane. Mkono mmoja hausokoti kamba. Jioni nyingi bibi na mjukuu walikula muhogo mkavu bila ya tui, na jioni nyengine walikunywa maji wakalala.

Siku moja shemegi yake, Gharib, alikuja kutoka mjini.

"Shemegi, nimempatia Sichana nyumba ya kazi mjini, Shangani," alisema. "Atafagia, ataosha vyombo, na atakula ashibe. Mwezi ukiandama nnakuja kumchukua."

 Bi Mwanamwema alijua watoto wa namna hiyo hurudi watu wazima, na hata njia ya nyumbani wameisahau. Moyo ulimuuma sana.

Wiki hiyo hiyo ilikuja habari ya Bwana Matar, karani wa serikali. Serikali ilikuwa na posho ya mchele, sukari na nguo kwa wazee na wajane wasiojiweza. Lakini watu walilalamika kwamba posho haiwafikii wenyewe. Basi Bwana Matar alitumwa apite nyumba kwa nyumba, aandike majina, kisha aishauri ofisi namna ya kuutengeneza mpango mzima. Hakutaka kuongozana na sheha, mkuu wa kijiji. Alitaka kuona kwa macho yake. Nia yake ilikuwa njema, ila macho nayo hudanganywa.

Bi Mwanamwema alipopata habari kwamba mgeni anakuja, alifanya kama wafanyavyo watu wa kwao. Aliazima mkeka mpya na sahani za kaure kwa jirani yake, Bi Mize. Akamchinjisha kuku wake wa pekee, ambaye mayai yake ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha Sichana. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikula, mwenyeji akaramba mchuzi.

"Shikamoo, Bi," alisema Bwana Matar alipokaribishwa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

Mgeni alikula, akanawa, akafungua daftari lake. "Bi Mwanamwema, mna dhiki yoyote humu ndani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Hatuna upungufu."

Mkono wake uliopooza aliuficha ndani ya kanga. Bwana Matar aliutazama mkeka, akazitazama sahani na mifupa ya kuku. Akaandika: anajiweza.

Ijumaa, baada ya sala, majina ya watakaopata posho yalisomwa nje ya msikiti. Bi Mize alikwenda mbio kwa jirani yake. Yeye alikuwa mkunga. Aliingia nyumba zote, na alijua kilichomo katika kila chungu.

"Mwenzangu, jina lako halimo!"

"Nilijua," alijibu Bi Mwanamwema. "Ningemwambiaje mgeni kuwa sina? Mimi si ombaomba."

Bi Mize alikaa chini. "Ombaomba huenda mlangoni kwa watu. Huyu amekuja mlangoni kwako. Na posho hii si sadaka ya mtu, ni haki iliyotengwa kwa mzee aliyeishiwa nguvu. Umepiga makumbi miaka arubaini. Kamba zako zimefika bandarini, serikali ikazitoza ushuru. Nani anayekupa bure?"

"Naona aibu, Mize."

"Mficha uchi hazai, nami nnazalisha, nnajua! Unaificha njaa mbele ya mtu aliyetumwa kuitafuta. Mwezi ukiandama Gharib anamchukua mtoto. Hapo aibu yako itakusaidia nini?"

Bi Mwanamwema alilia mpaka ukaya wake wa kichwani ukarowa.

Asubuhi yake Bwana Matar alikaa kwenye baraza ya sheha kuwasikiliza walioachwa. Wanaume wengi walikuwapo. Bi Mwanamwema alifika na Bi Mize.

"Mwanangu, siku ile nilikudanganya," alisema.

"Kwa lipi, Bi?"

Akautoa ule mkono, ukaning'inia mbele ya watu wote. "Mkeka haukuwa wangu. Sahani hazikuwa zangu. Kuku alikuwa wangu, mayai yake yakimlisha mjukuu wangu, na hakubaki mwengine. Mimi sina, mwanangu. Sina."

 Bwana Matar aliweka kalamu chini.

"Nimekula chakula cha mtoto," alisema polepole, "kisha nikaandika kwamba bibi yake anajiweza." Akamgeukia Bi Mize. "Nyumba ngapi nimezikosa hivi?"

"Anza na zile zilizokukirimu kuliko zote," alijibu Bi Mize.

"Basi nifundishe, Bi. Nifanyeje?"

"Usipeleke habari mbele. Usile. Wala usiulize watu kama wana dhiki, hapana atakayekwambia. Uliza jana waliinjika nini motoni. Uliza nani anayeteka maji, na nani anayeleta kuni. Na huko jikoni aingie mwanamke mwenzao, mtu wanayemjua."

Bwana Matar aliandika kila neno. Kisha akaanza upya, nyumba kwa nyumba, na Bi Mize akawa ndiye anayeingia jikoni. Walipata nyumba saba nyengine ambazo hazikuandikwa. Katika mojawapo, mzee mmoja alikuwa hajainjika chungu siku mbili. Aliporudi mjini, Bwana Matar aliishauri ofisi kwamba kila kijiji kiwe na mwanamke kama Bi Mize, na ofisi ikakubali.

Posho ya kwanza ilifika siku nne kabla ya mwezi kuandama. Usiku ule Sichana alikula wali, akalala kabla hajamaliza kunawa.

Gharib alikuja kama alivyoahidi. "Shemegi, mtoto yuko tayari?"

"Sichana haendi," alisema Bi Mwanamwema.

"Utamlisha nini?"

"Jina langu limeandikwa. Nenda kwa sheha ukaulize."

Gharib alirudi mjini peke yake. Sichana alisimama mlangoni mpaka gari alilopanda lilipopotea njiani. Kisha akaja akakaa ubavuni kwa bibi yake.

"Bibi," aliuliza, "siku ukiwa huna tena, utasema?"

Bi Mwanamwema alimshika mkono. "Nitasema, mjukuu wangu. Na wewe pia useme."