Ukurasa Niliouchana

— Anza tena.

— Je vais, tu vas, il va, nous allons...

Nilimfuata kwa kidole kwenye daftari lake, tumekaa barazani kwake. Mimi Fadhili, mkulima wa korosho wa Mahurunga, Kifaransa chenyewe sikijui, ila herufi nazijua. Mpenzi wangu Mwanahawa ni fundi wa kuchomelea mabomba. Ijumaa saa nne angepigiwa simu ya usaili. Akifaulu, anakwenda Ufaransa mwaka mzima kusomea kazi yake.

— Kitenzi gani hiki cha kwenda? Kila mtu kinamgeukia sura nyingine!

— Kama wewe ukinuna, Fadhili.

Akaingia ndani kunywa maji. Nikafunua ukurasa uliofuata, ameandika maana pembeni: nitakwenda, utakwenda. Moyo ukanipasuka. Nikauchana, nikautia mfukoni. Ndiyo, nilifanya hivyo, na aibu ninayo hadi leo.

Alhamisi akatuma meseji: "Fadhili, ukurasa wa wakati ujao siuoni. Umeuona?"

"Sijauona mpenzi."

"Basi nimekwisha."

Ijumaa saa tatu bodaboda ikanishusha mlangoni kwake, Magomeni ya huku kwetu kusini.

— Huu hapa. Niliuchana mimi.

Macho yakamjaa machozi.

— Ulitaka nifeli?

— Nilitaka ubaki. Nakupenda, naogopa hutarudi.

— Miaka mitatu, Fadhili! Hujatuma hata mtu mmoja kwetu. Nibaki kama nani?

Akaukariri ule ukurasa huku anatembea chumbani, kisha akanirudishia.

— Nisikilize. Haraka!

— Haya, sema.

— J'irai, tu iras, il ira...

Nilimsahihisha hadi neno la mwisho. Simu ikaita. Akafunga mlango, nikabaki barazani nikimwombea afaulu, jamani, mimi mwenyewe.

Alipofungua alikuwa analia na kucheka.

— Wamenichukua!

— Hongera, mpenzi. Jumapili wazee wangu wanakuja kwenu na barua ya posa. Kama bado unanitaka.

— Nakutaka. Ila barua wabebe wao. Wewe na karatasi sikuamini!

Tulifunga ndoa siku tisa kabla ya safari. Uwanja wa ndege alining'ang'ania.

— Mume wangu, niache kwenda?

— Nenda, mke wangu. Utanikuta.

Nililia mbele za watu. Lakini aliyeanza kuachia mkono ni mimi.