Futa, Tuanze Tena

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Chiriku aliingia chumbani kwa dada yake kumshikia simu. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Dada alisoma chuo kikuu. Kwenye makundi ya mtandaoni alisifika kwa maneno matamu, lakini wateja wa mama yao, fundi cherehani, aliwaamkia akitazama sakafu. Akitaka kujua kama chakula kimeiva, alimtumia mama ujumbe, na mama yuko chumba cha pili.

Sasa alikuwa na mtihani wa kueleza utafiti wake kwa mdomo mbele ya walimu. Akawa anajirekodi. Kila alipokwama alisema, "Futa, tuanze tena," na Chiriku akafuta. Vipande vizuri wakaviunganisha. Chiriku alijua dada hajafika mwisho hata mara moja bila kukatiza, lakini alimsifu tu. Ujira wake ulikuwa kucheza michezo kwenye simu ile.

Siku ya mtihani dada alirudi mapema, macho mekundu. Alikuwa amekwama mwanzoni kabisa, akasimama kama gogo mpaka akaambiwa akae. Alipewa nafasi ya mwisho wiki iliyofuata. Akishindwa, angerudia mwaka mzima. Siku hiyo hakula.

 Chiriku akamfuata mama, akamweleza yote, hata ile michezo.

Mama alisimamisha cherehani. "Kwa hiyo umemvisha mwenzio nguo ya pini tupu, ukamwambia imeshonwa."

Simu ikafungiwa kabatini. Dada akawa anasimama kando ya cherehani akieleza utafiti wake, Chiriku akimtupia maswali. Dada alitokwa jasho, akalia.

"Futa," alisema kwa mazoea.

"Nifute wapi, dada? Nimeshasikia. Endelea."

Akaendelea, kwa shida.

Kwenye mtihani wa pili alikwama tena, akaomba radhi, akasonga mbele. Alifaulu kwa alama za chupuchupu.

"Neno la mdomoni halifutiki," mama aliwaambia. "Ukijikwaa mbele za watu, inuka utembee. Na huko kuinuka hujifunzi kwenye simu, unajifunza kwa watu. Nawe Chiriku, ukimpenda mtu, mwambie kosa lake kabla hajaaibika."

Chiriku akamgeukia dada: "Basi leo muulize mama kwa mdomo kama chakula kimeiva."