Mbilikimo Saba na Barua ya Mtani

“Mtani, umeniulia mbilikimo saba!”

Husna aliyasema hayo hata kabla ya salamu, kipanya mkononi, macho kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, Novemba 2006, mwaka ule wa mgao wa umeme. Mimi ndiyo kwanza naingia kafe ya intaneti ya Mama Felismina nikitokea bandarini. Nilikuwa karani wa wakala wa forodha, na msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto. Tangu alfajiri nilikuwa nazungusha makaratasi dirisha hadi dirisha, na shati lilikuwa limeganda mgongoni.

“Si mimi, ni joka,” nikasema.

“Joka limewakuta wamekaa chini getini. Nani aliwachosha?”

“Nilikuwa najenga ukuta.”

“Ukuta, ukuta, ukuta! Ninyi Wangoni mkiona jiwe lazima mjenge ngome. Watu hawajala, hawajalala, wewe unawapandisha mlimani kubeba mawe!”

“Na ninyi Wayao mkiona ghala mnafungua duka. Joka likija utaliuzia sukari?”

“Litanunua. Tena kwa mkopo, kama Wangoni.”

Mama Felismina alicheka kutoka kwenye karai lake la mihogo. Alikuwa Mmakonde wa ng’ambo, alivuka Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake wakati wa vita ya Wareno, hakurudi tena. Kafe yake ilikuwa na kompyuta nne na karai moja, na karai ndilo lililokuwa haliharibiki.

Gemu lenyewe nililileta mimi kwenye sidii kutoka Dar. Unapewa mbilikimo kumi na wawili na bonde tupu, baridi iko njiani, na nyuma ya mlima kuna joka. Unajenga koloni. Kila mbilikimo ana mstari mwekundu kichwani, mstari wa uchovu. Ukijaa, anakaa chini. Hata joka limsimamie mbele, hanyanyuki. Nilipouona mstari ule mara ya kwanza nilijishika utosini kuangalia kama na mimi ninao.

Mimi na Husna tulikuwa na koloni moja. Mimi nacheza Jumatano nikitoka kazini, yeye Jumamosi, baada ya wiki nzima ya kufundisha darasa la kwanza lenye watoto tisini na wanne. Kwa kuwa mara nyingi tulipishana, tulikuwa na daftari. Kila anayecheza anaandika: mbilikimo wangapi, ghala lina nini, uchovu umefika wapi, hatua inayofuata ni ipi. Miaka mitatu, madaftari manne.

Na miaka yote hiyo mitatu tulikuwa tunataniana. Mngoni na Myao ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha maneno. Yeye anaweza kunitukana mbele ya mama yangu, na mimi siruhusiwi kununa. Nilikuwa nimemwambia “nitakuoa wewe” labda mara mia tatu, naye hujibu mahari yake ni kichwa cha joka.

“Tena sikiliza,” Husna akaendelea, akigonga kioo kwa ukucha. “Unajua kwa nini koloni yetu haiongezeki? Hujajenga hata nyumba moja ya vitanda viwili. Mbilikimo hawaoani kwa maneno, Mtani. Mpaka wajengewe.”

“Nitajenga Jumatano.”

Husna aliachia kipanya, akaegemea kiti, akafumba macho. Nikaona kuwa siku hiyo uchovu wake haukuwa wa watoto tisini na wanne.

“Jumamosi ijayo sijui kama nitakuwa nacheza tena,” akasema. “Kesho watu wa Mpapura wanakuja nyumbani na barua. Ni Saidi, yule mwenye shamba la mikorosho. Mtu mzuri tu.”

Mihogo ilisikika ikichemka kwenye karai.

“Unamtaka?”

“Nimechoka kusubiri nisichokijua, Mtani. Nina miaka ishirini na tisa. Baba naye kachoka kuulizwa.” Kisha akafumbua macho, akacheka kidogo. “Lakini yule mzee wewe umempa maisha. Ile barua yenu mpaka leo anaichekea! Ameibandika ukutani karibu na kalenda. Kila mgeni akija anasomewa: ‘Oneni, Wangoni wananiposea binti!’”

Nikavuta kiti, nikakaa.

Wiki tatu nyuma nilikuwa nimetuma barua ya posa nyumbani kwao Mtawanya, kwa mkono wa mjomba wangu Hashimu. Tulingojea jibu kama mvua. Kimya. Nikajua nimekataliwa, nikajifuta vumbi, nikaendelea kutania, maana mtu aliyekwisha kupigwa na dunia anajua kicheko ni bandeji isiyo na bei. Kumbe hawakukataa. Walidhani ni mzaha! Mshenga Mngoni, mwoaji Mngoni, barua imeingia kwa baba yake, Mzee Mtalika, Myao anayependa utani kuliko chai. Nani angetuamini?

“Husna,” nikasema. “Ile barua ni ya kweli.”

Alinitazama. Akapasuka kicheko.

“Hata sasa hivi uso wako unacheka!”

Na ni kweli, ulikuwa unacheka. Uso wangu umezoea hivyo, sikujenga mwingine. Umeme ukakatika hapo hapo, vioo vyote vinne vikawa vyeusi. Husna akachukua mkoba wake.

“Angalau nilishasevu. Kwaheri, Mtani. Zika mbilikimo wako.”

Akaondoka. Nikamtumia ujumbe.

“Husna nimesema kweli. Barua si utani.”

Jibu likarudi: “Hahahaa! Mtani huchoki?”

“Nimechoka.”

“Basi pumzika, mstari ukijaa joka litakula.”

Niliweka simu mezani kifudifudi.

“Umeona?” nikamwambia Mama Felismina. “Nimelia mwizi mara mia tatu. Leo mwizi amekuja kweli, kijiji kizima kinacheka.”

Mama Felismina akafuta mikono kwenye kitenge chake.

“Mimi sina mtani hapa, wangu wote walibaki ng’ambo, kwa hiyo nakwambia bila kukuchekea. Mdomo wako umekwisha kazi, mwanangu. Hauaminiki hata ukisema moto unaunguza. Lakini nimewaangalia ninyi miaka mitatu. Kuna mahali pamoja hujawahi kumtania yule binti.”

“Wapi?”

Akasukuma daftari mbele yangu.

Nikalifungua. Kurasa na kurasa. “Ghala: mikate kumi na minane.” “Nimekosea, nimefungua lango mapema, wameumia wawili.” “Mwalimu, shamba ulilopanda limeota vizuri, ahsante.” Hakuna hata neno moja la mzaha. Kumbe kwenye mbilikimo nilikuwa mtu mzima.

Nikaomba kalamu. Niliandika polepole, kwa mpangilio uleule:

“Jumamosi. Mbilikimo waliobaki: watano. Waliokufa ni saba, kosa ni langu, uliniambia sikusikia. Ghala: tupu. Uchovu: umejaa, wa kwao na wa kwangu. Hatua inayofuata: kuacha ukuta, kujenga nyumba moja ya vitanda viwili. Barua iliyo ukutani kwa baba yako niliiandika mwenyewe mara tano, nikachana nne. Hakuna utani ndani yake. Nilidhani mmenikataa, nikanyamaza kwa kucheka. Mustafa Gama.”

“Sasa atalisomaje kabla ya kesho?” nikauliza.

Mama Felismina alishashika simu.

“Haloo, mwalimu? Njoo haraka! Umeme umerudi, koloni yenu inaungua!... Sijui, naona moto tu!... Mustafa? Ameondoka, nani anamtaka!”

Akakata. Umeme ulikuwa haujarudi.

“Mama, huo si uongo?”

“Ni mbinu. Hamziiti hivyo kwenye gemu lenu?”

Husna alifika kwa baiskeli ya kukodi, unga mikononi, kanga imepinda kichwani. Alikuta vioo vyeusi, mimi nimesimama pembeni kama mshitakiwa, na daftari limefunguliwa.

“Moto uko wapi?”

“Soma,” Mama Felismina akasema.

Alisoma. Akasoma tena, akipitisha kidole chini ya mistari kama anavyowafundisha watoto wake, na unga ukabaki kwenye karatasi. Alipofika mwisho hakunitazama.

“Umechana nne?”

“Ya kwanza niliandika ‘mpendwa mtani’. Nikaona hapana.”

“Daftarini hujawahi kunidanganya,” akasema taratibu. “Hata leo. Wamekufa saba, umeandika saba.”

“Ndiyo.”

“Mwaka jana nilikaribia kukujibu kweli. Pale kituo cha mabasi, uliposema utanioa, nilikuwa nimefungua mdomo. Ukaongeza, ‘lakini uje na sufuria zako.’”

Nilitamani ardhi inimeze na sufuria zote.

“Nisamehe, Husna.”

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina mara nyingi hivyo kwa siku moja. Aliifunga kanga yake vizuri.

“Mimi nimekusoma. Lakini baba hasomi madaftari ya mbilikimo. Njoo kesho saa mbili na mjomba wako, kabla ya watu wa Mpapura. Na usikie vizuri: atakuchokoza. Atakuchokoza sana. Usijibu.”

“Hata neno moja?”

“Ukijibu moja tu, nimeolewa Mpapura.”

Jumapili saa mbili asubuhi tulikuwa Mtawanya, mimi na mjomba Hashimu, kanzu zimepigwa pasi ya mkaa. Mzee Mtalika, dereva mstaafu wa malori, alikuwa barazani na kikombe cha chai. Nyuma yake ukutani niliiona barua yangu, imebandikwa karibu na kalenda.

“Allah!” akapaza sauti. “Wavamizi wamerudi! Mama Husna, ficha kuku!”

“Shikamoo, baba,” nikasema.

“Marahaba. Leo mmepita mlangoni? Nilijua Mngoni anaingilia dirishani.”

Jibu lilinijia lenyewe, limeiva: “Tungepita dirishani kama mngekuwa na nyumba yenye dirisha.” Nikalimeza.

“Tumepita mlangoni, baba.”

Alinyanyua nyusi. Akajaribu tena.

“Babu zenu walitembea kutoka kusini huko mpaka Songea. Walipochoka miguu ndiyo wakasema, hapa ndipo kwetu. Uongo?”

Mjomba Hashimu alikuwa anatetemeka mabega, nikamkanyaga kidole. Mimi nilikuwa na jibu kuhusu Wayao waliokuwa juu ya miti wakati ule wakituhesabu. Jibu zuri sana.

“Ndiyo, baba. Walichoka.”

“Na wewe umechoka?”

“Nimechoka, baba.”

Mzee Mtalika akaweka kikombe chini. Husna alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

“Hashimu,” mzee akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, “mtoto wako anaumwa?”

“Haumwi.”

“Nimempiga tatu, hajarudisha hata moja. Mtani asiyejibu, ama anaumwa, ama ana haja.”

“Ana haja,” mjomba akajibu. “Aliileta wiki tatu zilizopita. Umeibandika pale.”

Mzee alinyanyuka kwa shida ya magoti, akaibandua barua ukutani, taratibu isichanike, akatoa miwani.

“Mara ya kwanza niliisoma kwa meno,” akasema. “Ngoja niisome kwa macho.”

Aliisoma yote. Akaikunja, akaiweka mfuko wa kifuani.

“Husna.”

“Abee, baba.”

“Ulijua hii ni ya kweli?”

“Nimejua jana, baba.”

“Na ya Mpapura?”

“Waje wale chakula, ni wageni. Lakini waambie ukweli mapema, baba. Yule ni mtu mzuri, asipotezewe muda.”

“Huyu wako ana nini ambacho mwenye mikorosho hana?”

Husna aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamechoka kama yangu, lakini yalikuwa hayacheki.

“Akikosea anaandika, baba.”

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akaugulia kama mtu aliyeibiwa.

“Mnajua mnachonifanyia? Katika mtaa huu mzima, mtani wa kweli niliyebakiwa naye ni huyu. Wengine wote wamekufa au wamekuwa wacha Mungu. Na mkwe hataniwi. Hashimu, hilo unalijua. Siku nikisema ndiyo, mimi na yeye ni shikamoo na marahaba mpaka kaburini.”

“Ndiyo bei yake,” mjomba akasema.

“Ni kubwa.”

“Kubwa kwa pande zote, baba,” nikasema, na nilikuwa sitanii.

Akaninyooshea mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili.

“Ndiyo,” akasema.

Mama Husna akapiga kigelegele kutoka jikoni. Kumbe muda wote alikuwa nyuma ya pazia. Husna alikaa kizingitini, palepale, kama mbilikimo ambaye mstari wake umejaa, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jumatano nilipofika kafe nilikuta daftari lina mwandiko wake, hakungoja Jumamosi: “Nyumba ya vitanda viwili imekamilika. Uchovu: umeshuka nusu. Ukuta usiguse.”

Lakini ile Jumapili, wakati tunaaga, Mzee Mtalika alitusindikiza hadi njiani. Akaitazama kanzu yangu ya kuazima, ilivyokuwa inaburura mchangani, na midomo yake ikaanza kucheza. Niliona neno linakuja. Naye aliona limeonekana. Akakohoa, akalirudisha tumboni.

“Nenda salama,” akasema. Kisha, kwa uzito: “Mkwe.”

Kanzu yake mwenyewe ilikuwa imevaliwa ndani nje. Nilikuwa na jibu la kuangusha nyumba. Nikasema “Ahsante, baba,” nikalimeza, na hadi leo linanikereketa kooni.