Kenge wa Toangoma

Walikuwapo watu watano. Bi Tunu, mwenye shamba. Badru, mwanawe wa pekee, dereva wa lori la mchanga. Raudha, mke wa Badru, mwenye mimba ya miezi minane. Albano, jirani, fundi wa kuchimba visima. Wa tano alikuwa Mzee Abdulrahman, kaka wa marehemu mume wa Bi Tunu, aliyeletwa kutoka Mwananyamala asubuhi ile kwa jambo moja tu: kumtaja mnyama kwa jina lake.

Hawakukosea kumwita yeye. Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu aliandika vibandiko vya wanyama waliokaushwa katika jumba la makumbusho. Alisomeshwa na Waingereza ambao ukikosea jina la mdudu walikuchapa vidole kwa rula, na tangu hapo hakuwahi kukiita kitu kwa jina lisilo lake. Mbele yake hukuthubutu kumwita guruguru kenge. Wajukuu walimwogopa kidogo kwa hilo.

Ilikuwa Jumamosi tulivu, jua la saa nne, mikorosho imeanza kutoa maua. Raudha alileta chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Wakala kwanza.

"Ba'mkubwa," Badru alianza, "huyu mnyama hii wiki ya pili. Anatokea chini ya simtanki la maji, anakuja mpaka dirishani kwa Raudha, anakaa. Mie nilitaka kumpiga panga siku ile ile. Mama kakataa."

"Sijakataa," alisema Bi Tunu. "Nimesema aonywe kwanza. Kiumbe humjui akiingia nyumbani, unamwambia: kama wewe si mnyama, ondoka kwa amani. Unamwambia siku tatu. Akibaki, ndipo umpige. Sie tumekua hivyo."

"Hiyo ni ya nyoka, mama."

"Kwani huyo umeshamjua ni nini?"

Albano alicheka kidogo. "Mama, sie Wangoni panya tunakula. Lakini huyo hata mimi sufuria yangu simpi."

"Nyama akiikataa Mngoni, basi hiyo si nyama," Bi Tunu alimjibu, na hata Raudha akacheka.

Cheko lilipoisha, Raudha alimsogelea mzee, akasema kwa sauti ya chini. "Baba, mie nataka kujua tu. Mtoto atalala chumba kile. Ukisema ni kenge, nitakaa. Ukisema sivyo, leo hii narudi kwetu Mbagala, na sirudi tena."

Badru aliinamisha kichwa. Nyumba nyingine hakuwa nayo.

Saa tano mnyama alitoka.

Alitembea polepole, akapita katikati ya kuku. Kuku hawakukimbia. Walisimama. Alipofika chini ya dirisha alitulia, akainua kichwa.

Mzee alivaa miwani, akachukua daftari, akasogea mpaka hatua tatu. Kenge ana ulimi wa panda, anautoa na kuurudisha bila kuchoka. Huyu hakuutoa. Mkia wa kenge ni bapa ubavuni. Huu ulikuwa wa mviringo. Guruguru hafikii urefu wa mkono wa mtu mzima. Huyu alipita. Mzee aliandika, akakata, akaandika tena.

Kisha mnyama akafumba jicho.

Mjusi hufumba jicho kwa kope ya chini, inapanda. Mzee alikuwa amewatazama maisha yake yote, hai na wafu. Huyu alifumba kwa kope ya juu. Ilishuka taratibu. Ukingoni mwake palikuwa na nywele fupi, nyeusi, zimejipanga.

Mzee aligeuka. Raudha alikuwa anamtazama, mkono tumboni. Nyuma yake alisimama Badru.

"Ni nini, baba?"

Neno la kweli lilikuwa "sijui". Hakuwahi kuliandika kwenye kibandiko hata siku moja.

"Kenge," alisema. "Mdogo tu. Anatafuta mayai."

Raudha alishusha pumzi. Badru tayari ameshika panga. "Basi. Kenge haonywi."

"Shemeji," Bi Tunu alinong'ona. "Niangalie machoni useme tena."

Mzee aliangalia daftari lake.

Mnyama hakukimbia. Badru alipoinua panga, yule alinyoosha shingo. Aliilaza chini, kama mtu anayepisha. Pigo moja. Hakutoa sauti. Kuku ndio waliolia, wote kwa pamoja, kisha wakanyamaza.

Albano alimfukia nyuma ya choo, kwenye shimo la futi nne. Bi Tunu hakwenda kutazama.

Mzee alibaki chini ya dirisha, akikagua mchanga, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alama za nyayo zilikuwa nyingi, za siku nyingi, mpya juu ya kuukuu. Zote zilitoka kwenye simtanki. Zote zilielekea dirishani.

Hakuna hata moja iliyorudi.

"Badru," aliuliza polepole, "jioni huwa anaondokaje?"

"Hatujawahi kumwona akiondoka, Ba'mkubwa. Unatazama tu, hayupo."

Mzee aliomba kuingia chumbani kwa Raudha kuswali. Dirisha lilikuwa na wavu, mzima, umepigiliwa misumari pande zote. Kitandani paliwekwa godoro dogo la mtoto, jipya, bado limo ndani ya nailoni ya dukani. Katikati lilikuwa limebonyea, bonde jembamba, refu. Aliweka kiganja. Pana joto.

Ndani ya nailoni ile isiyofunguliwa kulikuwa na mchanga.

Alitoka. Aliaga.

Usiku ule hakulala, na Jumapili asubuhi alipiga simu, akiwa amekwisha kuliandaa mdomoni lile neno "sijui". Badru alipokea kwa furaha.

"Shikamoo, Ba'mkubwa. Yaani leo Raudha kalala mpaka saa mbili. Wiki mbili hajalala hivyo. Mama mwenyewe kaanza kulainika. Umetuokoa, wallahi."

"Marahaba," alisema mzee.

"Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kuwajulia hali tu."

Ijumaa, baada ya swala, Albano ndiye aliyepiga. Badru alifariki saa nne asubuhi, nyumbani, Toangoma, chini ya dirisha lile lile, bila kuugua. Anazikwa alasiri.