Buti Lililogoma Ukweni

"Bonyeza tena!"

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi, Duncan."

"Basi bonyeza kwa imani!"

Ratemo alibonyeza kwa imani. Chini ya dashibodi kitu kikalia tik, lakini huko nyuma kimya. Buti la lile gari kuukuu lilikuwa limejifunga kama mdomo wa shahidi aliyehongwa, na humo ndimo ilimokuwa mizigo yote ya ukweni: mablanketi, sufuria, sukari, koti la baba mdogo. Tundu la ufunguo nalo lilizibwa kwa rangi na mwenye gari wa kwanza, Mungu anamwona.

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, Nyansiongo, nyumbani kwa akina Lorna, mchumba wa Ratemo, siku ya mazungumzo ya mahari. Akina mama walishapiga vigelegele vya kwanza. Vya pili vilikuwa vinangoja mizigo, maana mkwe haingii mikono mitupu. Afadhali asije kabisa.

Duncan, rafiki yake na msemaji wa siku hiyo, alimsogelea sikioni.

"Wewe si ndiye fundi wa umeme wa magari? Keroka nzima inakuita Daktari wa Waya! Sasa gari lako mwenyewe linakuanika ukweni?"

"Kinyozi hajinyoi, bwana. Nipe dakika kumi."

Alikuwa anavua koti simu ilipotetemeka. Ujumbe wa Lorna, kutoka jikoni:

"Babe USIGUSE hiyo gari!!! Mama anajua unafanya kazi ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ya maji. Kisii mjini."

"Lorna, mimi na maji wapi na wapi?"

"Alisema hataki mtu wa grisi. Ningefanyaje? Vaa koti. Nakupenda."

Ratemo alilisoma lile neno la mwisho mara mbili. Likamchoma kuliko maji ya betri. Miaka miwili ya kuitana mpenzi, kumbe anapendwa akiwa amenawa.

"Wageni!" Mzee Mose, baba mdogo wa Lorna, aliita kutoka kwenye hema. "Mbona mnalizunguka gari kama mnataka kulinunua?"

"Mzigo ni mzito, mzee! Tunaupumzisha kwanza!" Duncan akajibu.

"Uje upumzikie nyumbani!"

Hapo Bosibori, mamake Lorna, mjane mwenye ng'ombe saba wa maziwa, akatokea barazani. Alisimama mbali, kama chinsoni, heshima ya Kikisii, inavyotaka. Mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hata mkono hawapeani.

"Waacheni. Vijana wa ofisi na vyuma hawajuani," alisema. "Mimi nina fundi wangu. Mwezi wa tatu pikapu yangu ya maziwa ilikufa njiani, akaifufua kwa simu tu! 'Mama, gusa waya nyekundu. Mama, sasa washa.' Uso wake sijauona, lakini huko kwao walizaa! Lorna, si wewe ulinipa namba yake?"

Lorna alichomoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, usipige! Leo... leo fundi hafanyi kazi!"

"Kwani ni Msabato? Sabato si ilikuwa jana?"

Akapiga.

Simu ya Ratemo ikalia mfukoni.

"Zima!" Duncan alinong'ona. Kule mlangoni pa jikoni Lorna alikuwa anatikisa kichwa mpaka kitambaa kikadondoka.

Kuzima kulikuwa rahisi, kidole kimoja tu. Lakini baada ya hapo angekuwa mtu wa maji mpaka kufa. Kila Desemba wakwe wangemuuliza mfereji wao unakauka kwa nini, naye asugue kucha kwa dawa ya nguo hadi uzeeni. Akapokea.

"Hallo, fundi?"

"Naam, mama."

"Uko wapi, mwanangu? Kuna wageni hapa gari limewashinda."

"Niko karibu, mama."

"Karibu wapi?"

"Nimevaa suti ya bluu. Ukiinua macho utaniona."

Bosibori akainua macho. Akaitazama midomo ya Ratemo, akaitazama simu yake, akaishusha polepole.

"Wewe si wa maji?"

Ratemo alimgeukia Lorna.

"Ajibu aliyeniajiri."

Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye kiatu cha Lorna, na mwenyewe hakuwa na habari.

"Mama, ni fundi. Ana gereji ya mabati Keroka, na ana grisi kwenye kucha. Uongo ni wangu, yeye ameujua leo. Niliogopa utamkataa."

"Nani alikwambia nakataa mafundi?"

"Ulimkataa yule wa Magwagwa! Ulisema hutaki mtu wa grisi!"

"Yule alikuwa mlevi, Lorna! Ningesema nini na mamake tunaimba naye kwaya moja? Nikaisingizia grisi!"

"Haya yote ni mazuri," Mzee Mose akadakia, "lakini koti langu liko wapi?"

Ratemo akatoa taa yake ya kupimia umeme na tepu chini ya kiti, akalaza nusu moja ya kiti cha nyuma, upenyo wa mtu lakini si wa sufuria za ukweni, akaanza kujipenyeza butini kichwa mbele, miguu juu.

"Chinsoni! Akina mama, geukeni!" Duncan akapaza sauti. Wote wakageuka wakatazama shamba la chai, Bosibori akiwa wa kwanza.

"Nani atakushikia tochi ya simu?" Lorna akauliza, na kabla hajajibiwa akawa ameshatambaa ndani.

Kulikuwa na giza na harufu ya blanketi mpya.

"Umekasirika?"

"Mulika hapa kwenye bawaba. Swichi inaitika, lakini buti limekufa, na taa ya namba imekufa pia. Kwa hivyo waya zimekatikia mahali pamoja. Kifuniko kimepanda na kushuka miaka ishirini, zikikunjwa palepale."

Taa ya kupimia iliwaka upande huu wa mpira unaofunika waya, ikazimika upande wa pili. Akaupasua mpira. Waya mbili, zote zimekatika.

"Ulinionea haya, Lorna."

"Niliogopa kukukosa."

"Ungeolewa na huyo mtu wa maji. Mimi ningekaa wapi?"

Lorna alicheka na kulia kwa pamoja, kwenye mkono wa suti.

"Nisamehe. Kesho nitakuletea chakula gerejini, mchana, watu wakiwa wengi. Nitakaa juu ya tairi wanione."

"Utachafuka."

"Nichafuke mara ngapi? Niko ndani ya buti na gauni la kuazima!"

"Nipe tepu," Ratemo akasema, na sauti ilikuwa imelainika. "Na usiniajiri tena bila kuniuliza."

"Tunawasikia!" Mzee Mose akaita.

"Duncan, bonyeza!"

Tak! Kifuniko kikaruka, jua likaingia, na boma zima likamwona Lorna amemkumbatia fundi shingoni, kipande cha tepu mdomoni. Vigelegele vikapasuka.

Bosibori bado alikuwa amewapa mgongo.

"Limefunguka?"

"Limefunguka, mama!"

"Basi leteni mizigo ndani. Na wewe Lorna, shuka humo. Hatujaongea hata ng'ombe mmoja."