Kelele Katika Simu ya Dani

Kila alasiri Debra alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, alimsikia Dani, nyanya yake, akipiga kelele jikoni: "Haloo! Haloo! Sema kwa nguvu!" Kisha Dani aliitikisa simu na kumwita Debra, kana kwamba Debra ndiye aliyejificha ndani yake akikwaruza.

Ilikuwa simu ya nyumbani isiyo na waya. Kitako chake kilikaa sebuleni, kimechomekwa kwenye umeme, na Dani alitembea na mkono wa simu popote pale nyumbani kwao Mamboleo. Zamani ilisikika vizuri hata akiwa jiko la nje akichambua omena. Lakini tangu wageni wa kanisa walipokuja, ilikuwa krrr na shhh tu, na akitoka mlangoni ilikata kabisa.

Na haikuwa simu ya porojo. Dani alikuwa na mtoto wa jicho, na alingoja hospitali impigie kumwambia siku ya upasuaji. Mama aliuza mitumba Kibuye, ambako kwa zile kelele za soko hakusikia rununu yake hata ikilia mfukoni. Ndiyo maana walikuwa wameandikisha namba ya nyumbani.

Jioni moja Mama aliporudi, alimkuta Dani ameshika kichwa.

"Hospitali wamepiga," Dani alisema. "Nimesikia tu kwamba watapiga tena kesho asubuhi, na wasiponipata watampa mtu mwingine nafasi yangu. Halafu krrr!"

Mama alijaribu kupiga hospitali kwa rununu yake. Muziki uliimba weee, hakuna aliyeshika.

"Nimechoka na hii simu!" Mama alifoka. "Nimechoka kabisa!"

"Ni Mzee Surinder," Debra alidakia. "Ana simu kama yetu. Yake ndiyo inaingilia yetu."

Hakuwa na hakika hata kidogo, lakini hasira ilikuwa imempanda. Kabla Mama hajamzuia, alikuwa ameshafika kwenye ua. Upande wa pili jirani yao mzee alikuwa akimwagilia bilinganya zake.

"Zima simu yako!" Debra alimpigia kelele. "Inaharibu yetu! Dani akikosa operesheni, ni wewe!"

Mzee Surinder aliuweka mpira wa maji chini. "Wewe msichana, hata salamu hakuna? Sasa mimi nimekuwa mchawi ya simu?" Aliingia ndani akinung'unika, akatoka na waya mkononi. "Hii hapa, nimechomoa. Enda jaribu. Kama bado inalia, usiniletee tena hiyo mdomo."

Debra alikimbia ndani, akaiweka simu sikioni. Krrr! Uso ulimchoma kwa aibu.

"Haya, sasa tumlaumu nani?" Mama aliuliza. "Kuku? Tafuta hapa ndani!"

Debra alianza kuzima kitu kimoja kimoja. Alizima televisheni, krrr ikabaki. Akazima friji, krrr ikabaki. Alipozima swichi ya ukutani ya kisanduku cha intaneti, kelele ikapungua papo hapo. Hata hivyo, alipotoka mlangoni simu ilikata vilevile.

Alirudi sebuleni kwenye kabati la vyombo, akainua kitambaa chake kilichofumwa. Kitako cha simu kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kimebanana na kisanduku cha intaneti, na mbele yake zimepangwa sufuria za Mama zinazong'aa.

"Nani ameifungia simu kwenye sufuria?" Mama aliuliza.

"Mimi," Debra alisema polepole. "Wageni walikuwa wanakuja. Nilitaka kabati lipendeze."

"Debra! Hiki kitu kinatuma mawimbi, kama redio. Sufuria zinayazuia yasifike mbali, na hicho kisanduku nacho kinatuma mawimbi yake hapo hapo. Dani atasikiaje?"

Walikihamisha kitako dirishani, mbali na sufuria, wakaacha kisanduku cha intaneti kabatini na kukiwasha tena. Kisha wakalala wakiwa na wasiwasi.

Asubuhi simu ililia Dani akiwa jiko la nje. Debra alisimama na mkoba mgongoni, akisikiliza.

"Haloo, Sista. Jumatatu? Nimesikia. Nimesikia vizuri kabisa, Jumatatu!"

Mama alipiga makofi. Dani alifuta machozi kwa kanga, kisha akamgeukia Debra.

"Nyakwara, mjukuu wangu, simu imepona. Umebaki wewe. Enda kwa ua."

Debra alienda akiburuta miguu. Mzee Surinder alikuwa ameketi kibarazani, na waya wa simu yake ulikuwa mezani, bado umechomolewa.

"Mzee, mbona hujaurudisha?" Debra aliuliza.

"Nyanya yako amepigiwa?"

"Ndiyo. Ataenda Jumatatu."

"Basi sasa nitarudisha. Binti yangu hupiga kila asubuhi. Leo amekosa, lakini atapiga kesho."

Machozi yalimlengalenga Debra. "Nisamehe, Mzee. Kosa lilikuwa kwetu. Mimi ndiye niliyeificha simu nyuma ya sufuria."

Mzee aliuchukua waya mezani. "Sikia. Ukiona shida, chunguza kwako kwanza kabla hujaruka ua ya mtu. Na ukikuja kwa mtu, hata kama umekasirika, unaanza na nini?"

"Salamu."

"Haya, anza upya."

Debra alifuta pua. "Habari ya asubuhi, Mzee Surinder."

"Mzuri," alisema mzee, akainuka kuchomeka simu yake.